Moniteri na Vidole Vilivyolala

Butembo nzima ina maelezo juu ya mkono wa kuume wa Moniteri, na kila mtu huyatoa bila kusita. Mimi niliyekuwepo ndiye ninayesitasita. Mke wangu amenisikiliza mara nyingi nikisimulia habari hii, na kila nikifika mwisho ananiuliza, "Sasa ile siku, Moniteri alipata bahati ao alipata mabaya?" Nami hubaki nimefungua mdomo kama mtu aliyesahau jina la mtoto wake.

Moniteri ndivyo tulivyowaita walimu wa shule za msingi wakati ule, nao walikuwa wengi, lakini ukisema Moniteri pale mjini bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye. Alikuwa ameletwa na serikali kutoka mkoa mwingine. Kiswahili chake kilikuwa na kamba nyingi za Kifaransa na Kilingala, na Kinande, lugha ya pale, alijua cha kununulia viazi tu. Serikali ilimpa darasa Butembo, na mke wake ikampa kazi ya ukunga Beni. Kwa nini mume akae mlimani na mke bondeni, hakuna aliyeeleza. Basi kila Jumamosi darasa likiisha Moniteri alipanda baisikeli kwenda Beni, na kila Jumapili baada ya misa alianza kupanda mlima kurudi.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa vitunguu. Vilishuka kutoka upande wa Alimbongo, mimi nikavipeleka Beni kwa baisikeli, nikarudi na mafuta ya mawese. Njia ile ilikuwa yangu kabla haijawa yake, na nilidhani naijua. Siku niliyomjua nilikuwa nimekaa kando ya barabara pale Kalunguta, nikipiga mkono wangu kwenye paja ili uamke. Alisimama. Hakunisalimu. Alitazama ule mkono kama daktari anayetazama jipu.

"Bidole gani?" akauliza.

"Kile kidogo na jirani yake."

"Na kidole gumba?"

"Kile iko muzima."

Akatoa chaki mfukoni, akanishika mkono bila kuniomba ruhusa, akachora mstari mweupe kutoka kwenye kiwiko, ukapita upande wa nje wa mkono, ukaingia kwenye kiganja na kuishia kwenye kidole kidogo. "Mushipa inapita hapa," akasema. "Na weye unaikalia."

"Miye nakalia sele," nikasema, nikigonga tandiko.

"Hapana. Sele yako inabeba nini? Hewa? Mwili yako yote iko juu ya gido." Akagonga usukani. "Unakalia mikono."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu mtu wa darasani hawezi kuja kunifundisha baisikeli. Lakini hakungoja hasira yangu iishe. Pua ya tandiko langu ilikuwa imeinama mbele. Nilikuwa nimeiinamisha mwenyewe kwa sababu ya maumivu ya mahali ambapo sitapataja. Akailegeza, akaiweka sawa. Gunia dogo nililokuwa nalitundika mbele, kwenye usukani, akalifungua na kulihamishia nyuma pamoja na lile kubwa. Kisha akaona magunzi ya mahindi niliyokuwa nimeyachomeka kwenye ncha za usukani baada ya mipira yake kuisha, akacheka mpaka akashika kiuno.

Akanieleza kwa namna yake. Ndani ya kiganja, kati ya vile vinyama viwili, kuna njia nyembamba. Mshipa wa fahamu unapita humo kama siafu wanavyopita kwenye njia yao, mmoja nyuma ya mwingine, hawana neno na mtu. Ukiikanyaga ile njia, siafu wanatawanyika, na huko kutawanyika ndiko unakokusikia kwenye vidole, ile michomo midogo midogo. Ukiendelea kuikanyaga kila wiki, siku moja siafu hawarudi tena.

"Mukono ya kulala inaamuka," alimaliza. "Mukono ya kufa, hapana."

Tangu siku ile akaniita Bwana Bitunguu, na nikawa mwanafunzi wake mzee kuliko wote. Jumamosi nyingi tulitoka pamoja. Aliniambia niinue usukani kidogo ili mgongo ujibebe wenyewe. Kiwiko kikunjwe kidogo, kisinyooke kama mti wa fagio, ili mashimo ya barabara yaishie kwenye kiwiko yasifike kwenye shingo. Kifundo cha mkono kisiinuke wala kisianguke. Matairi nisiyajaze upepo mpaka yawe mawe, kwa sababu mawe ya barabarani yanatosha. Na ule usukani niuvike kwanza mpira wa tyubu kuukuu, juu yake kitambaa laini, vifungwe vizuri visizunguke. Nilimuuliza kama magunzi yangu yote yalikuwa kazi bure. Akasema magunzi ni ya nguruwe.

Neno alilolirudia kuliko yote ni hili: "Gido haiko mbuzi, haitakimbia." Alilisema kwa kila mtu aliyemwona anaminya usukani, hata kwa padri mmoja tuliyekutana naye njiani, na padri alimshukuru kwa uso usiofurahi.

Kwa nini mtu awe na wivu wa mikono yake kiasi hicho? Aliniambia mara moja tu, tukiwa tumeketi tunakula ndizi za kuchoma. Kwao kulikuwa na mwalimu wa dini mzee aliyezunguka vijiji kwa baisikeli miaka na miaka. Vidole vyake vilianza kulala, naye akavipuuza. Kisha chaki ikaanza kumwanguka mbele ya watoto, na watoto, unawajua, wakaanza kuhesabu mianguko. Mwishowe wakamtoa darasani na kumpa kazi ya kufyeka majani ya misheni. "Alikuwa anafyeka vibaya pia," Moniteri akasema, akatazama mkono wake wa kuume. "Mukono hii njo darasa yangu. Ikikufa, miye niko nani hapa? Mutu ya mbali tu."

Na kweli mwandiko wake ulikuwa kitu cha kutazamwa. Wazazi waliokuja shuleni kwa neno lingine walisimama mlangoni wakitazama ubao. Mimi sikusoma sana, lakini herufi zake zilinipa hamu ya kujua zinasema nini.

Sasa nianze kuchanganyikiwa, maana mtu huyu hakuwa mstari mmoja.

Yeye aliyewafundisha watu kulegeza mikono alikuwa mwoga wa miteremko. Nasema mwoga. Tukifika kwenye mteremko mrefu, yale mafundisho yote yalibaki juu. Alinyoosha viwiko, akaminya breki kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na midomo yake ilitembea. Nadhani alikuwa anaomba. Akifika chini alikuwa na vidole vilivyolala kuliko vyangu. Mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia, "Moniteri, ile mbuzi imekimbia?" Hakunijibu mpaka Beni. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi sijawahi kuona mganga anayejifunga mwenyewe kila Jumamosi na kujifungua kila akifika chini.

Mke wake alimjua zaidi. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mikono mikubwa ya watu wanaopokea watoto. Alinipokea kama shemeji, akanipa chai, akasema mbele ya mumewe, "Shemeji, huyu anafundisha batu kulegeza mukono. Ku nyumba akikamata kikombe, siye wote tunanyamaza, tunangoja kikombe ipasuke." Moniteri akaweka kikombe chini polepole, na sote tukacheka, yeye wa mwisho.

Shuleni pia. Walimu wa wakati ule walichapa viganja, ndiyo ilikuwa desturi. Moniteri hakuchapa kiganja cha mtoto hata siku moja. Alisema mkono ni wa kuandikia, haupigwi. Alichapa miguu. Watoto hawakuona tofauti iliyowafaa, na mmoja wa binamu zangu aliniambia angependa kuwa na mwalimu asiyejali mikono sana.

Kulikuwa na fundisho lake moja ambalo ndilo lililoleta mambo yote. Kila baada ya mwendo fulani, hasa chini ya kila mteremko, alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akauinua hadi usawa wa bega, akafungua vidole vyote vitano, akavikunja, akavifungua, akavikunja, akavifungua. Kisha mkono wa pili. Alisema damu inataka kukumbushwa njia. Nikafanya hivyo nami, na ninakiri lilisaidia kuliko yote.

Sasa fikiri mwenyewe. Ulikuwa wakati wa uhuru. Kila chama kilikuwa na alama yake ya mkono. Wengine vidole viwili, wengine kiganja, wengine ngumi. Mtu akipita barabarani ameinua mkono, alikuwa anakwambia jambo. Na huyu hapa mtu wa serikali, mwenye shati jeupe, anapita kila Jumamosi, anainua vidole vitano mara tatu, mkono huu, na mkono ule. Wanawake waliokuwa wakilima viazi kando ya barabara pale Maboya walimtazama wiki moja, wiki mbili. Wiki iliyofuata mmoja akatua jembe, akainua mkono, akafungua vidole, akakunja, akafungua. Moniteri karibu aanguke.

Baada ya hapo ikaenea. Maboya, Kalunguta, hadi kwenye mashamba ya karibu na Beni, tukipita watu walituitikia. Vijana walikimbia kando ya baisikeli wakifungua na kufunga mikono. Mama mmoja alinisimamisha nikiwa peke yangu, akataka kujua ile alama ya Moniteri ni ya chama gani, maana mume wake alikuwa ameshajiunga na chama kingine na hakutaka ugomvi nyumbani.

"Mama, haiko alama," nikamwambia. "Ni mikono yake inalala. Anaiamusha."

Alinicheka. "Mutu ya serikali! Mukono yake itapata wapi usingizi?"

Nilimpelekea Moniteri habari hiyo nikidhani atasikitika au atacheka. Hakufanya moja wala jingine. Akasema, "Bwana Bitunguu, tangu nilifika huku, ile barabara ilikuwa hainisalimie." Ndiyo yote aliyosema. Jumamosi iliyofuata niliona kwamba anauinua mkono juu kidogo kuliko zamani. Na aliuinua hata mahali pa tambarare, ambapo damu haikuhitaji kukumbushwa chochote, ila palikuwa na watu shambani. Nilimwambia awaeleze ukweli. Akajibu, "Juu ya nini? Jembe nayo inaua mukono. Bakifungua bidole, si bitabasaidia?" Mtu anayeponya mikono ya mlima mzima bila mlima kujua, anadanganya au hadanganyi?

Kisha maasi yakafika kwetu.

Sitasimulia vita, wapo wanaojua kuisimulia. Kwetu ilikuja kama uvumi, halafu kama kimya, halafu barabara ikafungwa. Walimu na makarani walijificha, kwa sababu waasi walisema watu wa kalamu ndio waliokula uhuru peke yao. Mke wa Moniteri alikuwa Beni na hapakuwa na habari zake. Moniteri alivumilia wiki kadhaa. Asubuhi moja akaja kwangu na baisikeli yake, amevaa koti langu kuukuu alilolinunua kwangu zamani kwa mzaha.

"Leo miye niko muchuuzi," akasema. "Unipe gunia moja."

Vitunguu vyangu vilikuwa vinaanza kuota, nami nilikuwa na njaa ya kuuza. Tukaenda.

Kizuizi kilikuwa Maboya, gogo limelazwa barabarani. Waasi walikuwa wachache, wengine wao wageni kabisa, na pamoja nao vijana wa pale pale waliojiunga siku chache kabla, na majani wamejifunga kichwani. Walitupekua wakiwa hawana haraka. Walichukua vitunguu vichache, wakatuuliza twatoka wapi, nasi tukasema. Moniteri alisimama vizuri sana. Kichwa chini, miguu wazi, kama mchuuzi. Nilianza kuamini tutapita.

Ndipo mwanamke mmoja, juu kabisa kwenye shamba lake, akainua uso, akamwona. Sijui alifurahi nini. Labda alidhani Moniteri amekufa. Akatua jembe, akainua mkono, vidole vitano, akakunja, akafungua. Wa pembeni yake akamwona, akainua. Na mwingine chini yake. Kufumba na kufumbua ule mteremko wote ulikuwa umesimama wima, mikono juu, inafunguka na kujikunja, bila sauti.

Waasi walirudi nyuma. Mmoja alikamata mkuki wake kwa mikono miwili. "Huyu ni nani?" akapiga kelele. "Ni nani huyu iko na jeshi?"

Nilisema yote. Nilisema ni mwalimu, nilisema ni mikono inayolala, nikawaonyesha kitambaa kwenye usukani, nikawaonyesha kiganja changu, siafu, mshipa, kila kitu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Hakuna mtu duniani anayeinuliwa mikono na mlima mzima kwa sababu ya ganzi.

"Nani hapa anamujua?" yule wa mkuki akawauliza vijana wa pale.

Mmoja wao alikuwa kijana ambaye kila Jumamosi alikimbia kando ya baisikeli zetu, akitufungulia vidole na kucheka. Nilimjua, na Moniteri alimjua. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye, kwa sababu wote walijua. Na yule wa mkuki akaona wanakotazama.

"Weye unamujua?"

"Hapana."

"Basi mufunge."

Akamfunga. Mikono nyuma, kwa kamba ya katani, kwenye vifundo. Alivuta, akaweka mguu mgongoni mwa Moniteri, akavuta tena, huku akitazama nyuso za wakubwa wake kuona kama inatosha. Mtu asiyekuwa na cha kuficha angefunga kawaida. Yeye alikuwa anafunga ili asionekane wa Moniteri. Moniteri alisema kitu kimoja tu, tena kwa upole, kwa sauti ya darasani: "Polepole, mutoto. Ni ya kuandikia."

Akavuta tena.

Walimkalisha chini tangu asubuhi ile mpaka jua lilipoanza kupinda, wakimngoja mkubwa wao aje kumhukumu. Mimi walinikalisha upande wa pili wa gogo. Niliona mikono yake ikibadilika rangi, nikawaambia, wakaniambia ninyamaze. Niliomba wailegeze kidogo tu. Yule kijana alikuwa amesimama karibu, akitazama mlima, na mlimani hapakuwa tena na mtu. Hofu niliyokuwa nayo sijui kuieleza, ila nakumbuka kwamba katikati yake nilikuwa nawaza upuuzi: nilikuwa nawaza habari za kiwiko kukunjwa na kifundo kutoinuka.

Mkubwa wao alifika amechoka, mtu wa makamo mwenye kikohozi. Walimweleza kwamba wamekamata kiongozi wa chama cha siri, mwenye alama, ambaye milima inamtii. Akamtazama Moniteri. Nadhani alitegemea mtu mrefu zaidi.

"Mumufungue," akasema. "Nataka kuona ile alama. Fanya."

Wakakata kamba. Moniteri akaleta mikono mbele. Ilikuja kama vitu vya mtu mwingine, ikaning'inia mapajani. Alijaribu kuinua wa kuume. Bega likapanda, kiwiko kikapanda, mkono wenyewe ukabaki umeanguka, vidole vimejikunja, vyeusi vyeusi. Alitokwa na jasho. Alijaribu wa kushoto, ukafanya vile vile.

"Fanya!"

"Haiwezekane," Moniteri akasema.

Yule mkubwa akasogea, akaguna, kisha akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mutu ya alama, na alama hana!" akawaambia watu wake. "Munaniita mbio juu ya kilema? Mumuache aende. Baisikeli ibaki." Naye yule wa mkuki akacheka kwa sababu mkubwa wake amecheka, na vijana wakacheka. Yule aliyefunga hakucheka. Alikuwa ameshika kipande cha kamba.

Hapa ndipo mke wangu huniuliza, na hapa ndipo ninapokwama. Kama angefungwa kawaida, angeinua ule mkono mbele ya mkubwa, vidole vitano vizuri, maana alikuwa mtu wa kutii. Na wangemwua, sina shaka. Ile kamba ilimponya shingo kwa kumla mkono. Lakini nisikilize ninavyosema: kana kwamba yule kijana alifanya wema. Alifanya? Alijua? Nimewaza miaka yote na kila nikidhani nimepata jibu, linaniponyoka nikisimama.

Tulienda Beni kwa miguu. Moniteri alitembea ameweka mikono mbele yake. Baada ya kitambo wa kushoto ukaanza kumchoma, naye akashangilia kila mchomo. "Siafu inarudi," alisema. "Inarudi, Bwana Bitunguu." Kisha akauleta ule wa kuume mbele ya macho yangu.

"Nimefungua ao nimefunga?"

"Umefunga."

Tukatembea tena.

"Na sasa?"

"Bado, Moniteri."

Mke wake alikuwa mzima. Tulimkuta anachemsha maji. Aliiona mikono kabla ya kumwona uso, akaikamata, akaipeleka kwenye maji ya uvuguvugu, akaikanda kwa ile mikono yake mikubwa kama anavyokanda mtoto asiyelia. Wa kushoto ukapona. Wa kuume ulirudisha vidole vitatu, dhaifu. Kile kidogo na jirani yake haukuvirudisha tena. Vilibaki vimejikunja ndani.

Waasi walipoondoka na askari wa serikali kufika, walimtafuta. Walikuwa wanakusanya majina. Mke wake ndiye aliyenisimulia: askari alikaa kwenye kiti chao, akauliza kwa Kilingala chao, "Nani akangaki yo maboko?" Nani alikufunga mikono? Sote tulijua jina likitajwa nini kingefuata, kwa sababu kwa wengine kilikuwa kimeshafuata. Moniteri alijibu, "Nayebi te." Sijui. Askari akarudia, naye akarudia. Mke wake hakuongea naye siku nyingi. "Mushahara yake iko mu ile mukono," aliniambia, akilia kwa hasira, "na yeye anamuchunga mutu yenye aliifunga!" Nilimwuliza Moniteri kwa nini. Alisema hakuona, alikuwa ameangalia mbele, kamba ilikuwa nyuma. Ni kweli kwamba kamba ilikuwa nyuma.

Chaki ilimwanguka. Kwanza alidhani ataizoea, akaifunga kwenye vidole vyake kwa kitambaa, ikaandika kama kuku anavyoparua. Hawakumpeleka kufyeka majani, nashukuru. Lakini darasa lake la Butembo walimpa mwingine, na yeye wakampeleka Beni, darasa la kwanza kabisa, kwa sababu huko herufi ni kubwa na mtu aweza kuziandika kwa mkono wa kushoto. Basi hatimaye serikali ikamweka mji mmoja na mke wake. Hilo nalo ni la kuchekea au la kulilia, chagueni wenyewe.

Mimi niliacha vitunguu, nikafungua duka dogo Butembo, na miaka ikapita tusionane. Nilimwona mara ya mwisho upande wa Mulekera, nilipokwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Kwenye uwanja kati ya nyumba na mashamba ya mahindi kulikuwa na vijana na baisikeli zao, wale wanaopakia ndizi na mkaa kupeleka Butembo, na katikati yao mzee mwenye shati jeupe. Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Alikuwa anamkaripia mtu juu ya tandiko.

Nikasimama pembeni nikasikiliza. Ni yale yale: usukani uinuliwe, gunia lirudi nyuma, kiwiko. Aliyasema vizuri kuliko zamani, au mimi ndiye niliyekuwa nimeyasahau. Alipoinua mkono wa kuume kuonyesha kitu, kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Papa Moniteri, na ile bidole yako, ilipata nini?"

"Ni velo," akajibu, bila kukawia, akigusa baisikeli iliyokuwa karibu. "Nilikuwa kijana kama ninyi, nilikuwa mwoga ku miteremuko, nakamata gido kwa nguvu. Batu balinionya. Sikusikia. Muangalie sasa."

Akavipitisha mbele yao, vile vidole viwili, kimoja baada ya kingine, na vijana wakavitazama kwa hofu, kisha kila mmoja akatazama vyake. Nilifungua mdomo. Aliniona. Akaja kwangu taratibu, akanikumbatia, akaniita jina langu la vitunguu, na nilipopata pumzi nikamnong'oneza, "Moniteri, ile haikuwa velo. Miye nilikuwa pale. Ilikuwa kamba."

"Ilikuwa velo pia," akasema. "Weye uliniona ku miteremuko."

"Ilikuwa kamba!"

Alinishika bega, akanigeuza kidogo tusiwe tunatazamana na wale vijana.

"Nikibaambia kamba, bataniuliza nani alifunga," akasema. "Nitajibu nini? Nikisema sijui, hawataamini, batatafuta. Na moja kati yabo hataenda kutafuta mbali. Ataenda kuuliza papa yake ku nyumba."

Nilitaka kugeuka niwatazame mmoja mmoja, lakini mkono wake ulikuwa bado begani kwangu. Kisha akaniacha, akarudi kwao. Mmoja wa wale vijana alikuwa ameukamata usukani wake kwa nguvu kuliko wote, viwiko vimenyooka, kucha zimekuwa nyeupe. Moniteri akamwendea yeye. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya ngumi ya yule kijana, akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, bila haraka.